Leseni ya mkaguzi wa nyumba Marekani peke yake haikulindi: soma kifungu cha kikomo cha dhima kabla ya kusaini

Wakuu, salaam.

Katika makundi yetu ya Watanzania, Wakenya na Wakongomani tunaoishi Marekani, kila anapotokea mtu anayekaribia kununua nyumba, swali lile lile huulizwa: "Mkaguzi niliyepewa ana leseni ya jimbo, kwa hiyo akikosea nitalipwa, sivyo?" Jibu linalotolewa karibu kila mara ni kwamba asiwe na wasiwasi. Jibu hilo linaniudhi, kwa sababu linamfanya mtu anayeweka akiba yake yote kwenye nyumba moja asaini mkataba wa ukaguzi bila kuusoma. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi. Bima ni mfuko ambao fedha za fidia zinaweza kutoka. Dhima ni kiasi ambacho mahakama itakubali mkaguzi adaiwe. Mambo hayo matatu huwekwa na vifungu tofauti vya sheria, na jimbo linaweza kuwa na moja likakosa mengine mawili.

Serikali kuu haitoi leseni kwa wakaguzi wa nyumba. Kila jimbo limejipangia. Texas, New York, New Jersey, Illinois, Massachusetts na Florida zinadai leseni, na Ohio ilijiunga nazo mwaka 2019. Colorado, Michigan na Minnesota hazina leseni ya jimbo kwa kazi hii. Kansas ilikuwa na usajili wa wakaguzi, kisha sheria yake ikaachwa ikafa mwaka 2013. Pennsylvania ilichagua njia yake yenyewe: sheria yake ya mwaka 2000 haitoi leseni, ila inamtaka mkaguzi awe mwanachama wa chama cha kitaifa cha wakaguzi na awe na bima.

Kazi hii yenyewe ilikuzwa sana na mahakama. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ya California iliamua kesi ya Easton dhidi ya Strassburger, iliyohusu nyumba iliyojengwa juu ya udongo wa kujaza ambao haukushindiliwa ipasavyo, na ardhi ikaporomoka baada ya mnunuzi kuinunua. Mahakama ilisema kwamba dalali ana wajibu wa kuitazama nyumba kwa uangalifu unaostahili na kumweleza mnunuzi kasoro ambazo angepaswa kuziona. Baada ya hapo madalali walikuwa na kila sababu ya kumhimiza mnunuzi aajiri mkaguzi wake, kwa kuwa ripoti ya mkaguzi inamkinga dalali pia. Kumbukeni hilo dalali wenu anapowaletea majina ya wakaguzi. Massachusetts iliona hatari iliyomo humo, ikamkataza dalali wa muuzaji kumpendekezea mnunuzi mkaguzi fulani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi huu, nalo ni kwamba jimbo lisilo na leseni kabisa linaweza kumpa mnunuzi ulinzi mkubwa kuliko jimbo lenye leseni, mitihani na bodi.

California haina leseni ya wakaguzi wa nyumba. Mtu yeyote anaweza kuchapisha kadi za biashara leo na kuanza kazi kesho. Hata hivyo, sheria ya jimbo hilo inayohusu biashara na taaluma ina vifungu vichache, kuanzia namba 7195 hadi 7199, ambavyo nadhani kila mnunuzi angepaswa kuvisoma hata kama anaishi jimbo lingine. Vinamtaka mkaguzi afanye kazi kwa uangalifu ambao mkaguzi mwenye busara angeutumia. Vinamkataza kufanya matengenezo kwa malipo kwenye nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12 iliyotangulia, ili asiwe na sababu ya kukuza kasoro ndogo. Na kifungu cha 7198 kinatamka kwamba sharti lolote la mkataba linalofuta wajibu huo wa uangalifu, au linalowekea dhima ya mkaguzi kikomo cha bei ya ripoti, ni kinyume cha maslahi ya umma na ni batili.

Naomba muielewe nguvu ya sentensi hiyo. Mikataba mingi ya ukaguzi ina kifungu, mara nyingi katika ukurasa wa pili au wa tatu, kinachosema kwamba endapo mkaguzi atapatikana na kosa la aina yoyote, kiasi cha juu atakacholipa ni kile ulichomlipa kwa ukaguzi. Umelipa dola mia nne, paa linavuja na fundi anataka dola 9,000, wewe utarudishiwa dola mia nne. Mnunuzi hukiona kifungu hicho asubuhi ya ukaguzi, kwenye simu, akiwa amesimama nje ya nyumba pamoja na dalali na mkaguzi wanaomsubiri asaini. California ilisema kifungu hicho hakina nguvu. Majimbo mengi yenye leseni hayakusema lolote, na pale sheria inaponyamaza, mahakama ndizo huamua, kila moja kwa namna yake.

New Jersey iliamua vizuri. Jimbo hilo lilipitisha sheria ya leseni za wakaguzi mwaka 1998, na sheria hiyo inamtaka kila mkaguzi awe na bima ya makosa ya kitaaluma isiyopungua dola 500,000 kwa kila tukio. Mwaka 2004 mahakama yake ya rufaa ilisikiliza kesi ya Lucier dhidi ya Williams. Wanandoa walikuwa wamenunua nyumba yao ya kwanza kwa dola 128,500 na kumlipa mkaguzi dola 385. Mkataba ulisema dhima yake haitazidi dola 500 au nusu ya ada iliyolipwa, kwa kuchukua kiasi kilicho kidogo zaidi, yaani dola 192.50. Paa likavuja. Mahakama ilikikataa kifungu hicho kwa sababu kadhaa: mkataba uliandikwa na upande mmoja na mteja hakuwa na nafasi ya kuubadilisha, kikomo kilikuwa kidogo mno kulinganisha na hasara iliyotarajiwa, hata kikamwondolea mkaguzi karibu kila sababu ya kuwa mwangalifu, na kukikubali kungepingana na sheria ya jimbo lenyewe. Hoja hii ya mwisho ndiyo naiona kuwa nzito kuliko zote. Ikiwa jimbo linamlazimisha mkaguzi abebe bima ya nusu milioni, haieleweki bima hiyo ni ya nini iwapo hadaiwi zaidi ya dola mia mbili.

Illinois iliamua kinyume. Wakaguzi wake wana leseni tangu sheria ya mwaka 2001, lakini mwaka 2010 tawi moja la mahakama ya rufaa ya jimbo hilo, katika kesi ya Zerjal, lilikubali kikomo cha dhima kilicholingana na bei ya ukaguzi, likitegemea uhuru wa watu kuingia mikataba na likizingatia kwamba bunge la jimbo halikukataza kifungu cha namna hiyo. Mnunuzi wa Illinois basi anaye mkaguzi aliyefaulu mtihani na kusimamiwa na idara ya serikali, huku mkataba ukiweza kumwacha na haki ya kurudishiwa ada tu. Jirani yao Wisconsin walilimaliza suala hilo bungeni: sheria yao ya usajili inamkataza mkaguzi kuweka katika mkataba sharti lolote la kukana au kupunguza dhima yake kwa kutofuata viwango vya ukaguzi, ingawa inampa mteja miaka miwili tu ya kufungua kesi.

Upande wa bima ndio ninaoujua kwa kazi yangu ya madai, na humo watu hupotea zaidi, kwa sababu mkaguzi akisema "nina bima" anasema kweli na bado anaweza kuwa hana bima unayoihitaji wewe. Kuna bima ya madhara kwa watu na mali zao: mkaguzi akikanyaga vibaya darini, mguu wake ukatoboa dari ya sebule, bima hiyo ndiyo italipa. Kuna pia bima ya makosa ya kitaaluma: mkaguzi akipita darini salama, asione mbao zilizooza zilizokuwa mbele ya macho yake, hiyo ya pili ndiyo inayohusika, na ya kwanza kwa kawaida haitalipa chochote. Florida inamtaka mkaguzi awe na bima ya aina ya kwanza, ya dola 300,000. Kiasi hicho kinapendeza kwenye karatasi, lakini sheria hiyo haimlazimishi kununua ile ya pili, ambayo ndiyo inayogusa kosa la kutoona kasoro. Texas, kwa upande wake, inadai bima ya dhima ya kitaaluma isiyopungua dola 100,000 kwa tukio, na New York inadai bima ya dhima ya dola 150,000 kwa tukio na jumla ya dola 500,000. Pennsylvania inataka dola 100,000 kwa tukio na jumla ya dola 500,000, zikijumuisha bima zote mbili, na imeenda mbali hadi kuweka ukomo wa dola 2,500 kwa ile sehemu ya hasara ambayo mkaguzi huibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa.

Bima ya makosa ya kitaaluma ina tabia moja inayowaumiza wanunuzi bila wao kujua. Kwa kawaida hulipa madai yanayowasilishwa wakati bima ingali hai, hata kama kosa lilifanyika miaka iliyopita. Ikishakatika, madai yanayoletwa baadaye hayapokelewi, isipokuwa mkaguzi awe amenunua kipindi cha nyongeza cha kupokea madai. Mkaguzi aliyekagua nyumba yako akiwa na bima kamili, kisha akastaafu au akashindwa kulipa ada ya bima mwaka uliofuata, anaweza kuwa hana bima siku unapogundua kwamba msingi umepasuka. Tena bima nyingi za msingi haziwahusu mchwa, ukungu wa kuta, gesi ya radoni wala bwawa la kuogelea mpaka mkaguzi alipie nyongeza ya kila kimoja. Kama amekuuzia kipimo cha radoni juu ya ukaguzi wa kawaida, muulize iwapo bima yake inakihusu kipimo hicho.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Uthamini wa nyumba unaofanywa kwa ajili ya mkopo hauchukui nafasi ya ukaguzi. Mthamini anamwambia mwenye benki kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya mkopo. Hakufanyii kazi wewe. Idara ya nyumba ya serikali kuu ina fomu maalumu ya kumwonya mnunuzi anayetumia mkopo wa FHA, yaani mkopo unaodhaminiwa na serikali kuu, kuhusu tofauti hiyo, na bado wapo wanaoamini kwamba benki "imeshakagua".

Mchangiaji kutoka Dallas:

Mleta mada, heshima yako. Mimi ni mkaguzi mwenye leseni hapa Texas, na naomba usikilize upande wetu pia. Ripoti ninayotoa imewekwa katika muundo uliotungwa na tume ya jimbo inayosimamia madalali na wakaguzi wa nyumba, TREC. Kwa kila sehemu ya nyumba natia alama moja au zaidi kati ya nne: nimekagua, sikukagua, haipo, ina kasoro. Viwango vya kazi vinasema ukaguzi ni wa macho. Sifungui ukuta, sihamishi makochi ya watu, sichimbi msingi. Udongo wa mfinyanzi wa hapa Dallas hutanuka ukipata maji na kusinyaa wakati wa kiangazi, kwa hiyo msingi uliokuwa sawa mwezi wa Aprili unaweza kuonyesha nyufa mwezi wa Septemba. Mteja akiziona nyufa hizo ananipigia simu akisema nilimdanganya. Ada yangu ni dola mia chache kwa saa tatu au nne za kazi. Kama kila nyufa itageuka kesi isiyo na kikomo, bima itapanda, na atakayeilipia ni yule yule ndugu yetu anayenunua nyumba ya kwanza.

Mleta mada:

Mkuu, hoja yako ni ya haki na nashukuru umeieleza kwa mifano. Nakubali kabisa kwamba ripoti haiwi dhamana ya nyumba, na kwamba kasoro iliyofichwa nyuma ya ukuta, au iliyojitokeza baada ya ukaguzi, haipaswi kuwa mzigo wa mkaguzi. Lakini angalia kwamba kikomo cha dhima hakihitajiki kukulinda katika hali hizo. Ikiwa ulifuata viwango, huna kosa, na mahakama haina cha kukutoza. Kikomo huanza kufanya kazi pale tu kosa linapokuwa limethibitishwa, yaani pale alama ya "nimekagua" ilipowekwa kwenye paa ambalo hakuna aliyelitazama. Hapo ndipo siwezi kukubali kwamba mwathirika arudishiwe ada.

Gharama ya kujitetea hata usipokuwa na kosa ni tatizo la kweli, nalo nalielewa kwa sababu nimeliona kwenye majalada. Pendekezo langu ni kwamba kikomo kiruhusiwe, ila kilingane na bima ambayo jimbo linamtaka mkaguzi awe nayo. Kwa Texas hiyo ingekuwa dola 100,000 kwa tukio. Mkaguzi hatapoteza nyumba yake kwa ajili ya kosa moja, bima itajua mwisho wa hatari inayoibeba, na mnunuzi atakuwa na fedha za kutosha kurekebisha karibu kila kasoro ambayo mkaguzi angeweza kuiona kwa macho.

Mchangiaji kutoka Minneapolis:

Kaka, shikamoo. Huku kwetu umesema hakuna leseni ya jimbo. Lakini nyumba niliyoipenda ina ripoti ya ukaguzi ambayo muuzaji aliilipia, na dalali anasema aliyeifanya ana kibali cha jiji. Je, siwezi kuitumia hiyo na kuokoa fedha?

Mleta mada:

Marahaba dada yangu. Hiyo ni tathmini inayodaiwa na jiji kabla nyumba haijauzwa; Minneapolis wanayo na St. Paul wanayo pia. Isome, ina manufaa, hasa kwa mambo ya usalama ambayo jiji linataka yajulikane. Lakini mtathmini huyo aliajiriwa na muuzaji na alifuata orodha ya jiji. Wewe hukusaini naye mkataba wowote, hivyo akikosea itakuwa vigumu kwako kumdai kama mteja wake. Ajiri mkaguzi wako mwenyewe. Kwa kuwa jimbo halimwekei sharti la leseni, wewe ndiye wa kumwekea masharti: mtihani wa kitaifa wa wakaguzi, uanachama wa chama kama ASHI au InterNACHI, na cheti cha bima ya makosa ya kitaaluma kinachotumwa kwako moja kwa moja na wakala wa bima, si picha kutoka kwenye simu ya mkaguzi. Angalia tarehe ya kwisha.

Na kama dalali anakusukuma uondoe kabisa sharti la ukaguzi ili muuzaji akupendelee, fahamu kwamba shinikizo hilo limekuwa kubwa kiasi kwamba Massachusetts ililitungia sheria ndani ya Sheria ya Makazi Nafuu ya mwaka 2024. Kanuni zake, zilizoanza kutumika Oktoba 2025, zinamzuia muuzaji kuikubali ofa kwa sharti kwamba mnunuzi aache haki yake ya ukaguzi. Minnesota haina kanuni kama hiyo, kwa hiyo uamuzi ni wako, nami nakusihi usiuache ukaguzi.

Mchangiaji kutoka Philadelphia:

Mleta mada, mimi nimeshanunua na nimeshahamia. Chumba cha chini kinaingiza maji na ripoti ilisema pakavu. Nianzie wapi? Nina fundi anayetaka kuanza kazi wiki hii.

Mleta mada:

Pole sana ndugu. Kwanza mzuie fundi kwa siku chache, isipokuwa maji yawe yanaendelea kuharibu mali. Katika hali hiyo fanya lile la dharura tu na upige picha za kabla na baada. Mikataba mingi ina sharti kwamba mkaguzi ajulishwe kwa maandishi na apewe nafasi ya kuja kuona kabla ya matengenezo, na madai mengi mazuri hudhoofika kwa sababu ushahidi ulishafunikwa kwa saruji mpya. Mwandikie leo, eleza ulichokiona na tarehe, mwombe jina la kampuni yake ya bima na namba ya bima. Kwa kuwa bima hizi hupokea madai zikiwa hai, kuchelewa kwako kunaweza kumfaidi yeye.

Pili, tafuta katika mkataba kifungu cha kikomo cha dhima na kifungu cha usuluhishi, kwa sababu huenda ulikubali kwamba mgogoro usiende mahakamani. Sheria ya Pennsylvania haimruhusu mkaguzi kuweka kikomo kwa uzembe uliokithiri wala kwa kosa la makusudi. Kwa uzembe wa kawaida unaweza kukutana na kikomo, na hapo utahitaji wakili wa jimbo hilo akusomee mkataba wako.

Tatu, na hili ndilo la haraka kuliko yote: California inampa mnunuzi hadi miaka minne tangu tarehe ya ukaguzi, na mahakama yake ya rufaa, katika kesi ya Moreno dhidi ya Sanchez mwaka 2003, ilikataa mkataba uliotaka kuufupisha muda huo kuwa mwaka mmoja tangu ukaguzi. Kwenu haiko hivyo. Sheria ya Pennsylvania inataka kesi inayotokana na ripoti ya ukaguzi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu ripoti ilipokabidhiwa. Fungua barua pepe yako, tafuta siku uliyotumiwa ripoti hiyo, na uhesabu kuanzia hapo, hata kama maji yalianza kuingia miezi mingi baadaye.